Chelezo

Stima zilikatika saa nane na dakika kumi na mbili,
nimeshabonyeza Hifadhi, kidole hakijainuka.
Langoni yote ikanyamaza: majokofu, cherehani ya jirani.
Pangaboi likazunguka mara tatu kwa ukaidi,
likasimama.

Ziliporudi, mradi haukufunguka.
Faili ipo, jina lake lipo, VISIMA,
uzito wake sufuri.
Miezi kumi na mmoja ya chumvi ya Shela,
visima ishirini na vitatu, kila asubuhi kipimo,
na mashine yaniambia kwa adabu ya karani wa benki:
faili imeharibika.

Nilifanya yale afanyayo kila mjinga.
Nikaizima, nikaiwasha, nikaipuliza vumbi.
Nikamwita Mola. Nikajaribu kwa programu nyingine,
nikaona vidoti na mabonge ya herufi zisizo lugha,
kama mtu anayeweweseka.

Mama, kutoka ndani: "Mize, ndoo ule!"

Ndoo. Kwetu Amu ndiyo njoo,
na ndiyo hiyo hiyo ya kutekea maji.
Hapo nikakumbuka kisima cha ishirini na nne:
folda iliyofichwa, jina lake laanza kwa nukta,
ambamo programu, bila kuombwa wala kushukuriwa,
hutumbukiza nakala kila baada ya dakika kumi.
Wataalamu waliiita chelezo,
na neno si geni: ni kile kieleacho
juu ya palipozama kitu.

Nikateremsha.
Ya saa nane kamili, imekufa.
Ya saba na nusu, imekufa.
Za jana zote, za juzi, za wiki ile;
kumbe diski ilikuwa ikioza kimyakimya
nami naendelea kuilisha.
Nikarudi nyuma mpaka kifundo cha mkono kikauma.
Ya tarehe tatu, saa tano usiku, ikafunguka.

Na ndani yake alikuwamo Shekuwe.

Sikumwambia mtu kwamba nilimfuta.
Tuligombana tarehe nne, asubuhi,
kwa ajili ya kisima cha saba. Yeye: chumvi inapanda,
usiifanyie wastani, wastani ni sanda.
Mimi: kipimo ni kibovu, na ripoti ina siku yake.
Akavaa ndara zake. Nami nikapita mstari kwa mstari
nikifuta maelezo yake ya pembeni,
hesabu yake, hata mzaha wake
juu ya punda aliyeonja maji ya kisima cha saba
akatazama kando, kama mkwe.

Sasa yote yapo, kuanzia mstari wa mia mbili na kumi,
herufi ndogo tupu, bila nukta mwishoni, ndiyo tabia yake:
*mize, munyu hauna haya*

Chelezo haina upande. Haijui nani alishinda.
Yaokoa kilichokuwapo,
na nilichokitupa nacho kilikuwapo.

Nikala. Mkate wa mofa ulishakuwa mgumu.
Kisha nikatoa daftari, lile la kurasa tisini na sita
lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake,
siku kumi na tisa za vipimo kwa penseli,
nikaanza kuviingiza upya, kimoja kimoja.
Nilipofika cha saba
nikaiacha hesabu yake ifanye kazi.
Mchoro ukapanda. Haukupanda sana.
Ukapanda.

Kabla ya adhana nilikuwa na nakala tatu:
moja kwenye simu,
moja kwenye flashi, kabatini mwa mama, baina ya leso na udi,
ya tatu nikaiandikia anwani ya Shekuwe.
Salamu sikutia. Sikujua niseme nini
ambacho mstari wa mia mbili na kumi haujasema.

Nikajitupia buibui, nikachukua chupa tupu,
nikashika njia ya Shela, kwenda kuonja.